Msuko wa Mkono wa Kulia

Kigoda kilikuwa kimehama. Hakikuwa kimehama kwa kiasi cha kumfanya mtu apige kelele. Kilikuwa tu kimetoka upande wa pili wa pazia, upande wa saluni, kikaja kusimama nyuma ya kiti cha kunyolea, pale pale ambapo msusi angekiweka kama angetaka kumsuka aliyekaa kitini. Kinyozi alikuwa amesinzia kwenye kiti hicho wakati wa jua la utosi, maana saa hizo wateja hawaji. Alikitazama kigoda kwenye kioo, akajiambia labda alikisukuma mwenyewe asubuhi wakati wa kufagia. Binadamu ana hazina kubwa ya labda. Kisha akapeleka mkono kisogoni kujikuna, akaukuta msuko.

Ulikuwa mmoja tu, mwembamba, umekazwa hadi nchani na kufungwa kwa uzi mweusi. Aliuvuta mbele ya jicho, akaangalia unalalia upande gani, kisha akaufumua harakaharaka kama mtu anayechana barua kabla hajaimaliza. Uzi akautia mfukoni. Hakumwambia mtu.

Chumba kile kilikuwa kimoja, kimegawanywa na pazia la maua. Upande wa barabarani alinyoa yeye. Upande wa ndani alisuka mkewe. Walifanya kazi hivyo tangu waoane, kila mmoja akisikia umbea wa wateja wa mwenzake. Mwanaume akikaa kwenye kiti cha kunyolea na kuanza kujisifu, nyuma ya pazia ulitoka msonyo mrefu, uliokamilika, na mwanaume alibadilisha mada.

Halafu ugonjwa ukamshika mama wa watu, na dawa zikamnyonyoa. Mwanamke aliyesuka nusu ya mtaa akabaki na kichwa kama yai. Hakulia siku alipotajiwa ugonjwa. Alilia asubuhi alipoamka na kuukuta mto umejaa nywele.

"Usilie," kinyozi alimwambia. "Mimi nafuga. Zikifika mabegani nazikata, unajishonea wigi."

"Wigi la nywele zako? Si nitanuka poda ya kunyolea?"

"Utaninuka mimi."

"Ndiyo hofu yangu hiyo," mkewe akasema, na wakacheka mpaka akakohoa.

Alifariki nywele za mumewe zikiwa zimefunika masikio tu. Kinyozi akaendelea kufuga. Ukimwahidi mtu aliye hai, unaweza kumwomba akusamehe. Ukimwahidi aliyekufa, utamwomba nani?

Mtaa haukumwacha apumue. Fundi viatu wa mlango wa pili alimpigia kelele kila asubuhi: "Jirani! Tulisikia kinyozi hajinyoi, lakini wewe umezidi! Mteja anaingia anamkuta simba kashika wembe!"

"Bado hazijafika," kinyozi alijibu.

"Zinakwenda wapi kwani?"

Hata shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu, aliyekuwa akimlea binti yao mchana, alishamwambia bila kupaka mafuta: "Shemeji, hicho ulichobeba kichwani ni msiba unaotembea. Mtoto anakutazama. Zikate."

"Bado kidogo, shemeji."

Na kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alisimama mbele ya kioo akazichana, akaligeukia pazia na kusema kwa sauti ya chini, nusu mzaha, nusu sala: "Zinakaribia. Njoo basi unisuke."

Basi siku ya pili yake baada ya kuukuta msuko, jua lilipofika utosini, kinyozi alifanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu halifanyi. Aliegesha mlango, akakaa kitini, akafumba macho makusudi.

Harufu ilitangulia. Harufu ya nywele zinazoungua, kama pale kitana cha moto kinaposahaulika jikoni, wakati jiko la saluni lilikuwa halijawashwa tangu msiba. Kisha kigoda kikalia kidogo, kama kinavyolia kikikaliwa. Kisha vidole. Vilikuwa baridi. Vilimpasua nywele katikati kwa ukucha, taratibu, vikachukua fungu moja, vikaligawa, vikaanza. Kinyozi aliogopa, ndiyo, jasho lilimtoka mpaka viganjani. Lakini alikuwa ameshika vichwa vya watu maisha yake yote, na tangu mazishi hakuna aliyekuwa ameshika cha kwake. Machozi yalimteremka kimya akayaacha.

Ikawa hivyo kila mchana.

Wa kwanza kumwona huyo msusi alikuwa karani mmoja aliyechelewa kazini, akaingia saa hizo hizo za jua la utosi na kudai anyolewe upesi. Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kichwa aliposikia mteja anasema kwa adabu:

"Fundi, mwambie huyo mama asinitolee macho."

"Mama gani?"

"Huyo anayekushika nywele. Huyo hapo nyuma y—" Karani aligeuka. Nyuma ya kinyozi palikuwa na kigoda tu. Akageukia kioo tena, na alichokiona humo hakukisimulia hata kwa mkewe, ila aliondoka mbio na nusu ya kichwa na shuka la watu shingoni, na kwa wiki nzima alivaa kofia ofisini.

Fundi viatu alicheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake, kinyozi alipopita na ile harufu nguoni, fundi viatu akaacha kucheka, akahamisha meza yake ng'ambo ya barabara.

Halafu ukaja mchana ambao shemeji alikwenda kliniki na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mtoto akaletwa kazini. Kinyozi alijiapiza kwamba leo hakai kitini. Alitandika mkeka upande wa saluni ili mtoto alale, akaketi kando yake kumpepea, mtoto akamlazia kichwa begani, na joto ni joto, usingizi ukamwiba. Alipozinduka harufu ya kuungua ilikuwa imejaa chumba kizima, akataka kuinua kichwa na kichwa hakikuinuka, akadhani shingo imekaza, akajaribu tena na mtoto akaguna kwa maumivu, ndipo alipoelewa, kwa mwili kabla ya akili, kwamba nywele zake na nywele za mwanawe zilikuwa zimesukwa pamoja, fungu la baba likipita juu ya fungu la mtoto na la mtoto likipita juu ya la baba, msuko mmoja mnene, na kwamba msuko huo ulikuwa bado unaendelea, unajikaza wenyewe mbele ya macho yake, pindo kwa pindo, ukipanda kuelekea utosi wa mtoto na kuivuta ngozi ya kipaji chake mpaka nyusi zikasimama.

"Baba," mtoto akanong'ona bila kufumbua macho, "usitikisike. Amesema hajamaliza."

Mkasi ulikuwa mbali, upande wa barabarani. Kinyozi alishika msuko ule kwa mikono miwili akaung'oa. Mtoto alipiga yowe, na tone la damu likamshuka sikioni. Hivyo ndivyo shemeji alivyowakuta, baba na binti wamekumbatiana sakafuni wanalia, na msuko umelala kati yao kama mkia uliokatwa.

Shemeji alimtuliza mtoto kwanza. Kisha akauokota msuko, akaupeleka dirishani kwenye mwanga.

"Huu kasuka nani?"

"Dada yako," kinyozi akasema.

"Usinifanye mjinga. Dada yangu alisukia mkono wa kushoto. Misuko yake yote ililalia kushoto, wateja walikuwa wanamtania kwamba wakitembea wanaenda upande. Huu unalalia kulia."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba unalalia kulia. Najua tangu siku ya kwanza."

Shemeji akaushusha msuko. "Na ukakaa ukasukwa?"

"Mkono ni mkono, shemeji."

Shemeji alitaka kumzaba kofi. Mkono aliuinua kabisa. Badala yake alikaa chini pale pale, akajifunika uso kwa kanga, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamlilia dada yake kwa sauti.

Wapo waganga wa manyanga na mikia ya wanyama. Aliyeitwa na shemeji hakuwa wa hao. Alikuwa mkunga mstaafu, bibi mfupi mwenye miwani na mkoba, aliyeingia, akanusa, akaomba kiti na chai isiyo na sukari. Hakupandisha kitu kichwani wala kuzungumza kwa sauti ya mtu mwingine. Aliuliza maswali kama anayechukua historia ya mjamzito.

"Ulimwita?"

"Nilikuwa nasema tu, bibi. Asubuhi. Nasema, njoo basi unisuke."

"Kwa jina?"

Kinyozi na shemeji wakatazamana. "Nyumbani hatulitaji jina lake," kinyozi akasema. "Mtoto alikuwa akilisikia hapati usingizi. Tukakubaliana tusiwe tunalitaja."

"Mkakubaliana." Bibi alivua miwani akaifuta. "Mwanangu, maiti hana mwingine wa kumpa jina, mkilificha nyinyi, limekwisha. Na wewe ukasimama mlangoni ukaita 'njoo', bila kusema nani. Ulitaka aje nani? Huja aliye karibu. Na aliye karibu siku zote ana njaa."

"Anataka nini?"

"Kichwa. Ulimzoeza cha kwako. Sasa ameonja cha mtoto." Akaiweka miwani. "Zikate. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na umtaje mkeo wakati unakata."

"Kinyozi hajinyoi, bibi," akasema, akijaribu kucheka.

"Leo atajinyoa. Na sikiliza: hawa wanajifunza. Akiondoka leo, shukuru. Akirudi, hatarudi na kosa lile lile."

Wakamketisha mtoto nje kwa jirani. Kinyozi akakaa mbele ya kioo mchana kweupe, akavuta shungi la kwanza kulinyoosha, na mkasi ukamsimama hewani. Nywele zilikuwa zimegusa bega.

"Zimefika," akasema.

Akakata. Mara pazia likavimba kana kwamba kuna uso umejibandika kwa ndani, midomo ikifunguka na kufumbika kwenye maua ya kitambaa, harufu ya kuungua ikapanda mpaka macho ya shemeji yakatiririka, na nyuma ya pazia kikaanza kilio, kilio cha mwanamke anayeuona mto wake umejaa nywele, sauti ile ile, pumzi ile ile iliyokuwa ikikatika katikati, ikisema usizikate, uliniahidi, nina baridi kichwani, usizikate.

Kinyozi akaushusha mkasi. "Ni yeye, bibi. Ni yeye."

"Mkeo alikuwa mtu wa kubembeleza?"

Kinyozi alifikiri. "Hapana," akasema. "Alikuwa anasonya."

"Basi kata."

Akakata, na kwa kila shungi akalitaja jina la mkewe, kwanza kwa kukwama kama mtu anayemeza mfupa, kisha kwa sauti, kisha kwa kupiga kelele, mpaka shemeji naye akaungana naye, na jina ambalo halikuwa limesikika kati yao tangu kaburi lifukiwe likagonga kuta zile na kurudi. Alipopitisha wembe wa mwisho juu ya sikio, pazia lilikatika kwenye kamba na kuanguka. Nyuma yake kulikuwa na ukuta, kioo chenye vumbi na vitana kwenye kopo. Basi.

Bibi alizikusanya nywele zote akazichoma kwenye debe nje.

"Kumbe una masikio!" fundi viatu alimwambia kinyozi kesho yake, na akarudisha meza yake. Wateja wakarudi. Shemeji akatundika pazia jingine na kukirudisha kigoda nyuma yake. Jina la marehemu likaanza kutajwa mezani, mwanzoni kwa uchungu, kisha kwa vichekesho, na mtoto akalala vizuri tu. Mchana, jua likifika utosini, kinyozi alikaa kitini na upara wake akafumba macho. Hakuna aliyekuja. Alijua ndiyo salama yenyewe, na hakuna siku alizomlilia mkewe kama siku hizo za salama.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mtoto alishinda tena kazini. Kinyozi alikuwa anapangusa mashine aliposikia pazia linafunuliwa.

"Baba, nimependeza?"

Kichwa kizima kilikuwa kimesukwa. Mistari miembamba, inayong'aa mafuta, imenyooka kama imepigwa rula, na misuko yote, kuanzia kipajini hadi kisogoni, ililalia upande wa kushoto.

"Nani kakusuka?"

"Sijui. Nilikuwa nimelala. Vidole vyake vya moto."

Kinyozi alipiga magoti. Alipitisha vidole vyake juu ya misuko, mmoja baada ya mwingine, akitafuta kosa. Akaanza upya. Alitafuta msuko mmoja tu unaolalia kulia, na hakuupata. Akamkumbuka bibi wa miwani: akirudi, hatarudi na kosa lile lile. Akakumbuka pia kwamba safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyemwita mkewe kwa jina.

Akalaza ubao wa watoto juu ya mikono ya kiti, akampandisha mwanawe, akamfunga shuka.

"Baba, usizinyoe! Nimependeza!"

"Umependeza sana, mama."

Akaishika mashine asiiwashe. Alilisubiri pazia. Kama ni yeye, alijua, atasonya. Atasonya ule msonyo wake mrefu, na yeye ataiweka mashine chini na kumwachia mtoto misuko yake. Alisubiri mpaka kiganja kikalowa jasho.

Hakusonya mtu. Nyuma ya pazia kigoda kililia kidogo, taratibu, kama mtu anayeinuka kwa uangalifu ili asimwamshe mtoto.

Kinyozi akawasha mashine.