Buluu Dirishani

Sogeeni karibu, mkae. Hii ni habari ya Tusekile na chupa yake.

Tusekile alikuwa na miaka sita. Aliishi Rungwe, kwenye migomba mingi na mvua nyingi.

Chupa yake ilikuwa ya buluu. Zamani ilikuwa ya dawa ya bibi. Sasa ilikuwa mtoto wa Tusekile. Aliibeba mgongoni kwa kipande cha khanga, na aliiita Buluu.

Kanisa lao lilikuwa jipya. Lilikuwa na bati na mabenchi. Lilikuwa pia na tundu kubwa la duara ukutani. Upepo ulipita humo. Vuuu, vuuu.

Fundi Ambakisye aliomba chupa tupu, atengeneze dirisha hapo. Watu wakaleta za kijani. Wakaleta za kahawia. Fundi akazipanga kwenye saruji, moja moja. Ting, ting, ting.

Katikati ikabaki nafasi moja. Fundi alikuna kichwa. Alisema hapo panataka buluu.

Watu wote wakamtazama Tusekile. Tusekile akatazama chini.

Alifikiri, akafikiri. Saruji ilikuwa inakauka.

Akafungua khanga. "Mweke vizuri," alisema. "Asianguke."

Ting. Buluu akakaa katikati. Tusekile akaimba polepole:

*Jua, jua, pita hapa,*
*nyumba ya Bwana ipate rangi.*

Jumapili asubuhi kanisa lilijaa. Wote walitazama dirisha.

Chupa zilikuwa nyeusi tii. Hakuna kijani. Hakuna buluu.

Tusekile akaimba moyoni:

*Jua, jua, pita hapa,*
*nyumba ya Bwana ipate rangi.*

Jua halikupita.

Baada ya ibada, mzee wa kanisa alitikisa kichwa. Aliitwa Mzee Anyelwisye, na kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja. Alisema hizo ni chupa tu. Kesho fundi apige lipu, dirisha lizibwe kabisa.

Lipu juu ya Buluu! Tusekile akashika sketi ya Mama.

"Usilie," alisema Mama. "Shika ufagio. Leo ni zamu yetu."

Watu wakaenda nyumbani. Mama na Tusekile wakafagia. Fya, fya, fya.

Mvua ikaanza. Pa, pa, pa, juu ya bati. Wakasubiri. Mama alikuwa amechoka, akalala kwenye benchi.

Saa kumi mvua ikakatika. Jua likatoka. Asubuhi lilikuwa upande wa mlango. Sasa lilikuwa upande wa dirisha.

Tusekile akatazama mguu wake. Mguu ulikuwa wa buluu.

Akauondoa. Buluu ikabaki sakafuni. Akaurudisha. Mguu ukawa wa buluu tena.

"Mama, amka. Buluu yuko hapa."

Mama akafumbua macho. Akatazama mguu, akatazama dirisha. Kisha akasema, "Kimbia ukagonge kengele."

"Mimi?"

"Wewe. Mimi magoti yananiuma. Kimbia, jua halitusubiri."

Kengele ilikuwa rimu ya gari, imening'inizwa nje. Watoto hawakuruhusiwa kuigusa. Tusekile akaokota chuma. Ngeng, ngeng, ngeng.

Watu wakaja mbio. Mmoja alishika ndoo ya maji. Mwingine alishika mwiko wa ugali. Waliuliza nani amefariki. Waliuliza wapi kunaungua.

"Hakuna," alisema Tusekile. "Ingieni ndani."

Wakaingia. Wakatazama huku na huku.

Mabenchi yalikuwa ya kijani. Ukuta ulikuwa na rangi ya asali. Na sakafuni, katikati, palikuwa na duara moja la buluu.

Mzee Anyelwisye aliingia wa mwisho, akihema. Kichwa chake kikawa kijani kama parachichi.

Watoto wakacheka. Mchungaji naye akacheka.

Mzee alinyoosha mikono. Buluu ikaingia viganjani mwake. Akaitazama, akaitazama.

"Mwambieni fundi," alisema, "kesho apumzike."

Mchungaji akasimama ahubiri. Akatazama dirisha, akakaa. Alisema mahubiri yameshatolewa, na dirisha limeyatoa. Sasa waimbe tu.

Wakaimba. Wakapiga makofi. Wakacheza, na rangi zikacheza migongoni mwao. Mwenye mwiko alicheza na mwiko wake. Tusekile alisimama mbele, akaimba kwa sauti kubwa kuliko wote:

*Jua, jua, pita hapa,*
*nyumba ya Bwana ipate rangi.*

Na jua likapita.

Kabla hawajatoka, Mchungaji alitangaza. Kila Jumapili watakuja asubuhi, na watarudi tena saa kumi.

Usiku Tusekile alipanda kitandani. Mgongoni hakuwa na chupa. Mama akamfunika.

"Utamkumbuka Buluu?"

"Jumapili nitamwona."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi." Tusekile akapiga mwayo. "Mama, na kama mvua inanyesha?"

"Tutafagia mpaka iishe," alisema Mama. "Lala."

Tusekile akalala.