Upande wa Kushoto wa Bi Suminah

Wening alikuwa amechuchumaa mbele ya muuza dawa za majani, katikati ya msukumano wa soko la Beringharjo, jicho lake limeganda kwenye kamera ya filamu aliyorithi kwa marehemu baba yake, alipopigwa kikumbo na mtu aliyekuwa akitembea kinyumenyume. Kamera ikamponyoka, ikagonga sakafu, mfuniko wa nyuma ukafunguka paa! Mwanga ukauvamia mkanda.

"Picha thelathini na moja!" akalia. "Kaka, huoni unakokwenda?"

Aliyempiga kikumbo alikuwa kijana mrefu, fulana ya bluu iliyopauka, kamera ya kidijitali juu ya fimbo. Alikuwa akijirekodi huku akiongea.

"Nisamehe, dada. Naitwa Damar. Natengeneza filamu za safari."

"Safari gani hiyo ya kutanguliza makalio?"

Muuza dawa akaangua kicheko. Damar naye akacheka, lakini alipomwona Wening anafuta machozi kwa ncha ya mtandio wake wa kijani, akaizima kamera yake.

"Nionyeshe ulikozipigia," akasema. "Tuzirudie zote. Mkoba nabeba mimi."

Wakazunguka soko mpaka alasiri. Wening alisubiri mwanga kama mtu anayesubiri chungu kichemke.

"Kwa muda huu mimi ningekuwa nimepiga mia mbili," Damar akamchokoza.

"Na ungezitazama ngapi?"

Damu zao zikapatana siku hiyohiyo.

Miezi minne ikapita. Damar akawa mgeni wa kudumu katika duka la Wening la kusafisha picha, akijifunza kukaa kimya ndani ya chumba cha giza. Wening naye akapanda pikipiki ya Damar kwenda vijijini kurekodi wachonga vinyago. Wasipoonana, simu zilikuwa hazitulii.

"Umekula, mpenzi?" Damar angeuliza.

"Nimekula fenesi la tui."

"Bila mimi?"

"Lenyewe halikukuulizia."

Nyumbani Wening aliishi na mama yake, Bi Suminah, fundi wa kuchora batiki kwa nta ambaye sifa zake zilivuma mtaa mzima. Miaka miwili nyuma kiharusi kilimvuta uso upande wa kushoto na kumwachia mkono unaotetemeka. Tangu hapo Wening hakumruhusu mgeni apite sebuleni, isipokuwa Damar. Kijana huyo na Bi Suminah walipiga soga kama watu waliokua pamoja.

Asubuhi moja mteja akaingia dukani na simu mkononi. "Dada Wening, mama yako kaniliza!"

Ilikuwa filamu ya Damar. Bi Suminah anatazama kamera uso kwa uso, mdomo umepinda, anazungumza taratibu, kalamu ya nta inatetemeka juu ya kitambaa. Watu laki nne walikuwa wameshaitazama. Wening akampigia Damar simu.

"Umemwanika mama yangu kama nguo iliyochanika!"

"Wening, nisikilize, mama mwenyewe—"

"Usimtaje mama! Ugonjwa wake ndio umekupa watazamaji?"

Akakata. Damar akaja mbio, akakuta duka limefungwa kwa ndani. Akabisha mpaka vidole vikamuuma. Kesho yake alikuwa na safari ya kikazi kisiwani Sumba, kwa wafuma vitambaa. Akaondoka bila kuonana naye.

Siku ya tisa, asubuhi, baiskeli ya magurudumu matatu ikasimama nje ya duka. Akashuka Bi Suminah, amevaa blauzi ya kebaya ya zambarau iliyopigwa pasi, fimbo mkononi. Hakuwa amevuka kizingiti cha nyumba yake kwa miaka miwili.

"Mama! Nani kakuleta?"

"Nimejileta." Akainua macho kwenye picha zake mwenyewe, alizopigwa na Wening, zilizotundikwa ukutani. Akazitazama moja baada ya nyingine. "Huyu mwanamke hana shavu la kushoto?"

Wening akazifuata kwa macho. Kweli, zote zilikuwa za upande mmoja, ule mzima.

"Ile filamu nimeiomba mimi," mama akasema. "Mwenzio alikataa mara mbili, akitaka kwanza akuulize. Nikamwapisha asikwambie, maana nilijua ungekataa. Wasichana niliowafundisha kuchora walidhani nimekufa, Wening! Juzi watatu wamekuja kunisalimu. Wewe ulikuwa umejifungia chumbani, hata hukuwasikia."

"Nilikuficha ili watu wasikucheke, mama."

"Najua, mwanangu. Ila aliyekuwa kifungoni ni mimi, si wao."

Wening akamkumbatia, akalia kwa kwikwi, kisha akaichukua simu, akampigia Damar. Ikapokelewa kabla haijaita mara mbili.

"Uko wapi?"

"Juu ya kilima. Hapa ndipo mtandao unapokamata. Kila asubuhi napanda kuangalia kama umepiga."

"Nisamehe, Damar. Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

"Na mimi nimekosa. Kiapo au si kiapo, wewe ni mwanawe. Ningekwambia."

"Unarudi lini?"

"Nimebakiza wiki tatu. Niache kazi nije?"

"Usiache kazi. Ila ukirudi, njoo na wazazi wako."

"Kuangalia picha?"

"Damar!"

"Sema wazi, mtandao unayumba."

"Kunichumbia, mjinga wewe!"

Upande wa pili kikasikika kicheko cha wanawake wengi.

"Nani hao?"

"Wafumaji. Wamenifuata huku. Wanauliza nimejibu nini."

"Na umejibu nini?"

Simu ikakatika. Wening akapiga tena na tena, kimya. Akakaa kwenye kigoda, simu mapajani, mama akimpepea kwa bahasha ya picha. Saa nzima baadaye simu ikaita, namba ngeni.

"Binti, hujambo? Mimi mama yake Damar, napiga kutoka Solo. Mwanangu kanipigia, mara analia, mara anacheka, nimeambulia jina lako, namba yako na neno harusi tu. Hebu nisaidie, hapo kwenu hupokea wageni siku gani?"

Wening akafungua mdomo kujibu. Bi Suminah akamnyang'anya simu. "Damar akisharudi, njooni siku yoyote," akasema, "nitawapokea mimi mwenyewe mlangoni."