Selo Isiyoguswa na Upinde

"Sindano, mzigo uko jukwaani. Usitoke ukumbini."

Sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye kisikilizi cha sikioni. Sindano, mwanamke wa kazi za siri, aliketi safu ya nyuma. Bastola yake, Beretta, ililala chini ya koti.

Jukwaani walikuwa wapigaji wanne. Wa mwisho alikumbatia selo, ile fidla kubwa ya kubanwa kwa magoti.

Kaka yake. Tumbo moja.

"Mkuu, pengine hajui. Selo ya pili kaazimwa na Mfadhili anayegharamia onyesho."

"Damu isikuzibe masikio."

Ndani ya selo hiyo ya pili zilijazwa almasi za wizi. Kesho wapigaji wanapanda ndege. Nani forodhani apasue chombo cha muziki?

Muziki wa zamani kaka aliupiga kwa selo yake mwenyewe. Ililia kama mtu mzima aliyefiwa. Kisha akabadilisha chombo. Sasa ni utungo mpya, alioutunga yeye kwa kuagizwa na Mfadhili.

Sindano alitega sikio. Selo iliyojazwa haiimbi. Upinde ukipita tu juu ya nyuzi, itakoroma. Kaka akishtuka, basi hajui. Akiwa hajui, kapona.

Akasubiri upinde.

Haukuja.

Kaka aliulaza sakafuni. Akadonoa nyuzi. Akagonga ubao kwa vidole. Tok. Tok-tok. Mwanzo hadi mwisho.

"Ubunifu huo!" alinong'ona mama wa kiti cha pili. "Sijaelewa kitu, lakini ubunifu!"

Sindano akaelewa. Kaka hakusahau upinde. Alitunga wimbo wa selo isiyoweza kuimba.

Alijua tangu nota ya kwanza.

Nyuma ya pazia, Mfadhili alikuwa keshatiwa pingu na wenzake Sindano. Kaka, kwenye chumba cha wapigaji, hakuwa na habari. Alikuwa akijifuta jasho.

"Mdogo wangu! Umeuonaje?"

"Watu wameupenda. Nipe hiyo selo."

"Hii? Ya watu hii, bwana. Utaivunja, we na mikono yako ya..."

Akaiona Beretta.

"Kumbe ndiyo kazi yako." Alicheka kicheko kikavu. "Na mimi ndiye niliyekufundisha kusikiliza."

"Ndiyo, kaka. Lete mikono."

"Mama utamwambia nini?"

"Kwamba ulipigiwa makofi."

Pingu zikabana.

"Sindano, mzigo?" Mkuu aliuliza.

"Ninao. Na mbebaji."

Akawakabidhi wenzake vyote viwili. Akatoka kwa mlango wa mbele, taratibu, koti begani. Kwenye ngazi watu walikuwa bado wanausifu utungo. Akawaomba njia, wakampisha.