Maumivu Niliyomficha Mama

Katika kambi yetu ya polisi, asubuhi huanza kwa vishindo vya buti. Kabla jua halijatoka, askari hupita mbele ya nyumba zetu wakikimbia mchakamchaka na kuimba. Wakati huo mimi huwa nimeshawasha sigiri na kubandika maji ya chai, naye Mama anapiga pasi sare yake. Hatusemi neno mpaka wimbo upotelee upande wa geti. Baba ndiye aliyekuwa akiuongoza. Alifariki mwezi wa tatu, tukabaki wawili katika chumba ambacho ghafla kilionekana kikubwa.

Jumamosi moja, Mwalimu Okwera wa michezo alitupeleka kukimbia mlimani kwa mara ya kwanza. Tulipanda kilima cha Lubaga mpaka kwenye kanisa kuu, tukashuka, tukapanda tena. Mara tatu. Mwalimu alituonya tushuke polepole, lakini sikumsikiliza. Baba alipenda kukimbia barabara ile siku zake za mapumziko. Niliteremka kwa kasi, nikihisi kama yuko mbele yangu kidogo tu, pale penye kona. Niliwaacha wenzangu wote. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nilijikuta nikicheka.

Jumapili miguu ilikuwa mizito. Jumatatu ilikataa kabisa kukunjika. Chooni sikuweza kuchuchumaa bila kushika ukuta. Shuleni niliteremka ngazi kinyumenyume.

"Tazameni, Anena anarudi rivasi!" Okwir wa darasani kwetu alipiga kelele. "Mpigieni honi!"

Darasa zima lilicheka. Okwir naye alikuwa mlimani, ila yeye alishuka akitembea huku anakula muwa.

Nilikuwa na wazo moja tu kichwani. Ugonjwa wa Baba nao ulianzia mguuni. "Ni uchovu wa kazi," alikuwa akisema, akameza vidonge vya dukani na kurudi zamu. Alipokubali kupelekwa hospitali ya Mulago, ugonjwa ulikuwa umeshaenea mwilini. Sasa niliamini kwamba zamu yangu imefika.

Jioni Mama aliniuliza, "Mbona unatembea hivyo?"

"Ni uchovu tu, Mama."

Maneno ya Baba yalinitoka kabla sijayafikiria. Mama alikuwa amesimama barabarani kutwa nzima akiongoza magari. Alikuwa amemzika mume wake. Ningemwambiaje kwamba binti yake naye anamfuata? Nilikula vijiko viwili vya maharage, nikalala nikiutazama ukuta.

Kambini kwetu, askari mpya akilalamika kwamba misuli inamuuma, wenzake humwambia, "Ikimbize, maumivu yatatoka!" Basi Jumanne alfajiri nilisubiri kikosi kipite, nikaingia nyuma yake. Maumivu yakitoka, mimi ni mzima. Yasipotoka, nitakuwa nimejua.

Hayakutoka. Sikufika hata hatua hamsini. Paja lilikaza, nikaanguka kwenye changarawe.

Sajenti Maimunah hukimbia nyuma kabisa ya kikosi, kuwakusanya wanaoachwa. Aliniinamia.

"Wee kuruta, nani amekuandikisha?" Kisha akanitambua. "Anena! Binti wa marehemu Obita! Una nini?"

"Sina kitu, Afande."

"Kitu ambacho huna kimekuangusha hivi? Wapi panauma?"

Hapo nililia. Alikaa chini kando yangu, akanibonyeza mapaja taratibu.

"Mguu mmoja au yote miwili?"

"Yote."

"Ilianza lini?"

"Siku moja baada ya kukimbia Lubaga."

"Una homa? Uvimbe? Mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi?"

"Hapana, Afande."

"Ulishukaje kile kilima?"

"Mbio."

"Ahaa! Kushuka kwa mbio huumiza mapaja kuliko kupanda. Misuli isiyozoea huchanika kidogo sana ndani, ikauma zaidi siku ya pili na ya tatu. Baadaye inajijenga. Lakini ukiikimbiza tena kabla haijapona, unaiumiza upya."

"Baba alianza hivihivi," nilisema.

Alinipangusa changarawe magotini.

"Hapana, mwanangu. Baba yako ulikuwa mguu mmoja, ukavimba, ukamuuma hata akiwa amelala. Miezi minne. Nilimwambia aende hospitali, akanicheka, nami nikaacha kumhimiza. Sikumwambia mama yako. Jambo hilo linanisumbua mpaka leo. Kwa hiyo wewe sikuachi. Simama, twende nyumbani."

Mama alikuwa amevaa buti moja tulipoingia. Alisikiliza yote akiwa na buti la pili mkononi.

"Ulidhani unakufa, ukanyamaza?"

"Sikutaka kukuhuzunisha, Mama."

Alikaa kitandani, akanivuta karibu.

"Nisikilize, Anena. Ukinificha maumivu yako, hunipunguzii mzigo. Baba yako alitupenda sana, lakini kunyamaza kwake kulitunyima muda. Mwili ukikuuma, mwambie mtu mzima siku hiyohiyo. Kikiwa kitu kidogo, tutacheka pamoja. Kikiwa kikubwa, tutawahi."

Wiki ile sikukimbia. Nilikunywa maji mengi, nikala vizuri, nikalala mapema. Kila jioni Mama alivua sare, tukatembea polepole kuuzunguka uwanja wa kambi, kwa sababu Afande alisema misuli inayouma hupenda mwendo mdogo kuliko kukaa bure. Siku ya kwanza nilitembea kama mwanasesere wa mti. Alhamisi niliweza kuchuchumaa bila kushika ukuta.

Ijumaa, tulipokuwa katikati ya uwanja, Mama alisimama.

"Na mimi nina jambo," alisema. "Kifua kinanibana tangu tulipomzika baba yako. Sijamwambia mtu."

"Tangu mwezi wa tatu, Mama?"

"Tangu mwezi wa tatu."

Nilimshika mkono. Asubuhi iliyofuata tulikwenda zahanati ya kambi. Muuguzi alitutazama, mimi na miguu yangu iliyopona, na Mama na sare yake iliyonyooka.

"Nani anaumwa?" aliuliza.

Mama alinyoosha mkono juu, kama mwanafunzi, akaanza kueleza tangu mwanzo.