Ishirini Kati ya Ishirini

Salvina wa Mwika alikuwa na wivu, tena ule wa kumnyima mtu usingizi. Kila asubuhi, akikata majani ya ng'ombe, alimwona wifi yake Yuditha ng'ambo ya kihamba, lile shamba la ukoo la migomba, akichora, na roho ilimuuma. Wote wawili walichora migomba na mibuni. Wote walichapisha nakala za picha zao Moshi mjini, kwenye printa ya wino, wakazitundika kwenye mgahawa wa Zaheer. Lakini za Yuditha ndizo zilizonunuliwa.

Siku moja Salvina aliisogelea picha ya wifi yake. Pembeni, chini, iliandikwa kwa penseli: 3/20.

"Kumbe kapata tatu kati ya ishirini," akajisemea. "Amefeli, na bado wanamnunulia?"

Alifurahi, jamani, kuliko hata siku ya kipaimara ya mwanawe Tito. Akachukua penseli, akaandika 20/20 kwenye nakala zake zote. Wala hakuona aibu.

Kweli, zikaanza kununuliwa. Kisha Zaheer akampigia simu.

"Mama Tito, mteja wangu Bharat alinunua picha yako. Jana kaiona ileile nyumbani kwa dada yake, nayo ni 20/20. Anasema umemdanganya. Usipomweleza akaelewa, naziondoa zako zote ukutani."

Salvina alijua nani wa kumuuliza, na hilo ndilo lililomchoma. Akajikaza, akaenda kwa Yuditha.

"Wifi, ile tatu kati ya ishirini, nani alikupa maksi?"

Yuditha alicheka mpaka akashikilia mgomba. "Si maksi, wifi. Niliahidi nakala ishirini tu za picha ile, na hiyo ni ya tatu. Ya ishirini ikitoka, sichapishi tena. Hilo ni toleo lenye kikomo."

"Na nisipotaka kikomo?"

"Basi ni toleo huria. Unachapisha utakavyo, ila hujifanyi kwamba ziko chache. Si kosa, mradi mnunuzi ajue. Halafu mimi hubaki na nakala ya msanii, nje ya zile ishirini. Naiandika 'nakala ya msanii', watu wasichanganyikiwe."

"Na zako mbona hazipauki?"

"Mwambie mchapaji atumie wino wa kudumu na karatasi ya pamba. Zile za kawaida jua linazila."

Salvina alishuka mjini, akamwambia Bharat ukweli wote, akazifuta zile namba. Picha ile ikawa toleo huria, naye akalisema hilo kwa kila mnunuzi. Picha yake mpya ya mibuni aliichapisha kwenye karatasi ya pamba, nakala kumi tu. Bharat akachukua 1/10. Zaheer akatundika 2/10 karibu na mlango.

Jumapili, baada ya misa, Yuditha alipita mgahawani, akainama kuisoma ile 2/10.

"Wifi," akauliza, "ya tatu umeshamwahidi mtu?"

Salvina aliitambua sauti ile. Ilikuwa ya wivu, na wivu huo aliujua vizuri.

"Nimekuwekea wewe," akasema. "Ila usije ukadhani ni maksi."