Dumu Halirudi Tupu

Wakazi wenzangu wa Buseresere, na ninyi mnaopita tu kwenda Chato au Biharamulo, kaeni niwape habari ya nyumba ya Maduhu. Wengi mnaijua, ile yenye bati la kijani jirani na mashine ya kukoboa. Kila mlipoipita mlisema, "Dereva huyu anajua kutafuta." Kweli, alijua. Leo nawaambia alikuwa akitafuta wapi.

Jumapili moja baada ya ibada, Mbuke, mke wa Maduhu, alikuwa uani akibangua karanga. Michembe ya viazi vitamu ilianikwa juu ya mwamba, imeanza kukunjamana kwa jua. Binti yao Vumilia alikuwa akisukwa nywele na rafiki yake. Maige, mdogo wake Mbuke, fundi wa mashine, alijinyoosha mkekani akichekacheka na simu, maana alikuwa na mchumba Katoro na ng'ombe wa mahari walikwisha kupelekwa. Nyumba ilikuwa imetulia, ungedhani shida haijui njia ya kufika pale.

Mara honi ikalia. Maduhu akaingia na Fuso la tajiri wake, Eustace, akashuka anacheka.

"Mama Vumilia, safari imepatikana!"

"Ya wapi tena?"

"Mbali! Tunapeleka karasha milimani, huko Ludewa, juu kabisa unakoliona Ziwa Nyasa chini yako. Watu wamepata mawe ya dhahabu, mashine ya kuyasaga hawana. Na shemeji twende wote, nani mwingine ataifunga?"

Maige akaruka kutoka mkekani. Milima hakuwahi kuiona ila kwenye kalenda.

Maduhu akachukua kijiti, akachora barabara mchangani. Hapa Kahama, hapa Nzega, Sekenke tunapanda. Singida, Dodoma, Nyang'oro tunapanda tena. Iringa, Njombe, Ludewa. Mbele ya hapo lami inakwisha, ni udongo na mawe, mnapanda mpaka mawingu yanabaki chini yenu, halafu mnashuka. Kila penye mlima akaweka punje ya karanga. Mbuke akazitazama zile karanga, akauliza swali ambalo mke mwingine asingeuliza.

"Na huko kushuka ni kurefu?"

Maduhu akamkonyeza. "Kurefu, mke wangu. Kurefu mpaka uchoke mwenyewe."

Hapo ndipo penyewe, ndugu zangu. Tajiri alikuwa akitoa mafuta ya safari nzima, kupanda na kushuka. Maduhu akifika kwenye mteremko alikuwa anatoa gia, analiacha lori liteleze lenyewe, injini ikipumua tu. Mafuta yaliyobaki aliyanyonya kwa mpira na kuyaleta nyumbani kwenye madumu ya njano, na Mbuke akayauza kwa wenye pampu na makarasha ya Rwamgasa. Lile bati la kijani limetoka huko. Na kwa kuwa sisi ni watu wa mbuga, miteremko yetu ng'ombe anaweza kuishuka amesinzia, halikutokea baya lolote. Siku moja Maige alisema kwa kusitasita, "Dada, lakini huu si wizi?" Mbuke akamjibu, "Tajiri hapungukiwi. Hata hajui." Yakaisha.

Basi wakajipanga. Yaani walijipanga kweli! Maduhu alitafuta tairi la akiba la pili, jeki kubwa, koleo, na minyororo ya kuvutia gari likikwama matopeni. Mbuke alinunua mablanketi mnadani, kwa sababu alisikia kule watu wanapuliza moshi mdomoni kwa baridi. Akafunga michembe na karanga za njiani. Kila kitu kilitazamwa. Kuhusu breki, Maige aliuliza, na Maduhu akasema, "Breki zimetufikisha Shinyanga na kurudi mwaka mzima, leo ziwe na nini? Nitazitazama tukirudi."

Siku ya kuondoka Mbuke aliyaosha madumu, akayafunga pamoja kwa kamba nyekundu, akayasukuma chini ya kiti kwa mikono yake.

"Baba Vumilia, si unajua? Kwetu chombo hakirudi kitupu."

Wote watatu wakacheka. Ni desturi yetu nzuri hiyo, mnaijua. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi na mayai, au hata chumvi kidogo. Tazameni ilivyotiwa kwenye dumu la mafuta ya watu.

Safari ilikwenda salama. Walipiga simu Singida, wakapiga Iringa. Maige alituma picha akiwa amejifunika blanketi mpaka masikioni. "Dada, maji ya huku yanauma meno!" Mbuke alimwonyesha kila jirani.

Asubuhi waliyotarajiwa kuvuka milima, alifika Wiliam kununua dizeli. Wiliam ana pampu ya maji Rwamgasa, lakini ujana wake aliumalizia kwenye malori ya mbao huko kusini.

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Milimani, Ludewa. Amepeleka karasha."

"Na ule mchezo wake wa kutoa gia ameuacha?"

Mbuke akacheka. Wiliam hakucheka. Akaliweka dumu lake chini.

"Mama Vumilia, nisikilize. Mteremko wa kule unauchukua kwa gia kubwa, namba moja, unatambaa, unaomba Mungu. Ukitoa gia na mzigo ule mgongoni, lori linashika mbio. Hapo unabaki na breki peke yake. Breki zinachemka, zinatoa moshi, halafu ukikanyaga unakanyaga hewa. Unataka kurudisha gia, haiingii tena. Mpigie. Mpigie sasa hivi."

Akapiga. Namba haipatikani. Akampigia Maige, haipatikani. Akapiga tena na tena, na yule mwanamke wa kwenye simu akawa anamjibu kwa sauti ileile ya upole. Jamani, hakuna kitu kinachochoma kama upole wa sauti ile siku una shida!

Akajitupia kanga, akakimbia dukani kwa Eustace.

"Shikamoo Baba Klara."

"Marahaba, Mama Vumilia. Mbona unahema hivyo? Kama ni habari za safari, usiwe na wasiwasi. Nimeongea na mwenyeji wao sasa hivi, anawasubiri pale kileleni kabla ya mteremko. Watu wetu wanakaribia."

Sikieni hilo. Mtu yuko kileleni, ana simu inayoshika. Neno moja tu lilitakiwa: baba, mwambie awasimamishe, mume wangu hutoa gia. Lakini Eustace angeuliza, kwa nini hutoa gia? Na mafuta yanakwenda wapi? Mbuke aliliona moyoni bati lake la kijani, akaiona aibu imekaa juu yake, majirani wote wanaitazama.

"Nilikuja kukusalimia tu," akasema.

"Wabeja, asante mama. Karibu tena."

Alikuwa hajafika nyumbani simu ikalia. Maduhu! Upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu.

"Mama Vumilia, tuko juu! Mawingu haya hapa chini, naapa! Tumempata mwenyeji, ametangulia na pikipiki yake. Sasa mteremko ninaouona hapa..."

"Usitoe gia!" Mbuke alipiga kelele katikati ya barabara. "Baba Vumilia, nakuomba, shuka na gia, breki zitachemka, Wiliam amesema..."

"Wiliam mwoga huyo." Maduhu akacheka. "Si wewe uliyesema chombo hakirudi kitupu?"

"Nimefuta! Sitaki! Nipe Maige, nipe mdogo wangu nimwambie..."

Simu ikakatika. Akapiga. Haipatikani.

Sasa ndiyo akarudi kwa Eustace mbio, kanga imebaki njiani, akayasema yote mbele ya wateja: gia, mpira, madumu, bati. Eustace hakuuliza hata moja. Alishika simu akampigia mwenyeji. Haikupokelewa. Akapiga tena, haikupokelewa. Ilipokuja kupokelewa, wote waliokuwa dukani walisikia mtu akihema na watu wakipiga mayowe nyuma yake. Mwenyeji alisema, "Mzee, lori limenipita." Hakuweza kuendelea.

Ndugu zangu, kuna kuumwa, kuna kufiwa, na kuna kule kukaa mbali na jambo limekwisha kutokea na wewe hujui limemchukua nani. Mbuke alikaa chini sakafuni mwa duka kati ya magunia ya sukari. Mikono ilikuwepo, miguu ilikuwepo, na haikuwa na kazi yoyote.

Mbuke alipanda basi, akamkuta Maduhu hospitalini, Njombe. Miguu yote miwili ilikuwa imefungwa, na daktari alikwisha kusema haitamsimamisha tena. Maige hakuwepo wodini. Mbuke hakuuliza, alijua kwa jinsi mumewe alivyogeuzia uso ukutani.

"Alikuwa hai," Maduhu akasema. "Usinikatize, niseme yaishe. Kona ilinishinda, lori likalala ubavu kwenye majani. Karasha ilikata minyororo iliyoifunga ikaja mbele, ikambana shemeji. Alikuwa anaongea, Mbuke. Ananiita. Anaomba maji."

"Hakukuwa na watu?"

"Walikuwepo. Walitoka mashambani wengi tu. Tangi lilikuwa limepasuka, dizeli inachuruzika. Na madumu yalikuwa yametupwa pale pale kwenye majani. Madumu yetu. Niliiona kamba yako nyekundu. Waliifungua wakaanza kukinga. Nikapiga kelele, kuna mtu ndani, kuna mtu ndani! Mmoja akaniambia, 'Subiri kidogo baba, yasimwagike bure.' Mwenyeji aliwafukuza alipofika, wakaleta kamba na magogo. Lakini shemeji alikuwa amenyamaza."

Mbuke alitaka kuwalaani watu wale. Alifungua mdomo kusema hawana utu, na maneno yake mwenyewe yakamrudia: tajiri hapungukiwi, hata hajui. Akalia kilio kisicho na sauti, wauguzi wakadhani anatetemeka kwa baridi.

Maige tulimzika Buseresere. Mchumba wake alikuja kutoka Katoro na nguo ambayo angeivaa siku ya kuagwa kwao kabla ya harusi, akaitandika juu ya kaburi. Eustace alihudhuria msiba, akatoa rambirambi kama mtu mwingine yeyote, na suala la mafuta hakulitaja, si siku ile wala mpaka leo. Mbuke ananiambia angemtukana ingekuwa nafuu.

Yule mwenyeji wa milimani ni mtu mwaminifu. Alikusanya vitu vya marehemu, blanketi, simu, spana zake, akavituma kwa basi. Na pamoja navyo dumu moja alilomnyang'anya mtu siku ile, kwa sababu alijua ni la lori. Lilifika na kamba nyekundu shingoni. Limejaa.

Liko uani mpaka leo. Mbuke hawezi kuliuza, hawezi kulimwaga, na Maduhu akitolewa nje kuota jua anaomba kiti kigeuziwe upande wa pili. Wateja wasiojua bado wanasimama barabarani wakiita, "Mama Vumilia, dizeli ipo?"

FUNZO

Mtasema funzo ni madereva washuke milima na gia. Sawa, na washuke na gia, na breki wazitazame kabla ya kuondoka, si wakirudi. Lakini hilo Wiliam angewaambia bure. Mimi nasema na sisi tunaobaki nyumbani. Sisi ndio tunaoosha madumu. Mume analeta kisicho chake, tunakipokea kwa vigelegele na kukitafutia mteja. Mwana analeta, hatuulizi. Tunasema mwenye mali hapungukiwi, mpaka tunafika mahali neno moja la kweli lingeokoa roho, na hatuwezi kulitamka kwa sababu limefungwa pamoja na aibu yetu.

Kama una neno la namna hiyo kifuani, litoe leo, mwenye simu akiwa bado yuko kileleni. Na ukimfungia mtu wako dumu la wizi, kumbuka kwamba hujui nani atakuja kulijaza, wala nani atakuwa amelala kando yake akiomba maji.