Mgeni wa Prudensia

Maiti ya Prudensia Kamugisha ilikuwa chali kwenye maegesho ya magari, Gulfton, mtaa wa Houston, kanga kiunoni na ndala moja mguuni. Pembeni yake mfuko wa senene wa kukaanga, wale panzi wa kutoka Bukoba, ulikuwa umepasuka, alama za tairi kando yake. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi, taa zinawaka.

"Ameporwa," alisema Brandon, Mmarekani aliyefanya kazi na mpelelezi Kanana. "Au alikuwa anakimbia mtu."

Kanana, Mkenya, alitikisa kichwa. Prudensia hakukimbia. Alikuwa anamsindikiza mgeni hadi kwenye gari, kama wafanyavyo watu waliolelewa vizuri kwao, na huyo mgeni ndiye aliyemgonga. Baadaye ripoti ya uchunguzi wa maiti ilimkata maini: gari lilimpanda likirudi nyuma, likaenda mbele, likarudi tena.

Jirani wa Prudensia, Esperance, mama wa Kikongo, alisema huku analia.

"Nilimuona ule bwana wa ku televizyo. Meya. Mama Prudensia alimubebea mufuko, wakapita hapa banacheka."

Kwa Waafrika Mashariki wa Texas, meya wao alikuwa mmoja tu, Elkana Onyancha. Alianzia udiwani katika mji mdogo jirani na Plano, kaskazini mwa jimbo, akawa meya, na sasa alikuwa amechaguliwa seneta wa jimbo. Kanana mwenyewe alikuwa akienda huko kila mapumziko kumgongea milango ya wapiga kura. Alimwomba Mungu Esperance awe amemfananisha.

Lakini tairi za gari la meya zilioana na alama za pale, na chini ya bampa kulikuwa na damu.

"Mheshimiwa, ulimtembelea Prudensia?" Kanana alimuuliza Onyancha kituoni, wakili wake akiwa kando.

"Nilipita kumsalimia tu. Tulijuana kitambo."

"Mliagana wapi?"

"Kwa mlango. Nikatoka, akafunga."

"Uliendesha gari mwendo wa saa nne kuja kumwona, halafu akuache mlangoni?"

Uongo huo ungepita kwa Brandon, si kwa mtu wa nyumbani. Wakili alimshika Onyancha mkono asiseme, Onyancha akautoa.

"Alikuwa nani kwako?"

"Bibi yangu. Tulioana hapa Houston kabla nihamie huko juu. Hatukuwahi ku-divorce. Nikaoa mwingine kanisani, watu wakishangilia. Ma-reporter wangeanza ku-dig, kila kitu kingeisha."

"Alikutishia?"

"Hapana. Alisema alishanisamehe. Ata-sign talaka, hataki kitu. Alitaka tu kuja Austin, akae nyuma kabisa, anione nikiapishwa."

"Basi ulimuua kwa nini?"

"Sikumwamini, Kanana. Ningekuwa yeye, mimi singenyamaza."

Kanana alimfunga pingu huku machozi yanamtoka, wala hakuyafuta. Kwenye milango yote ile aliyogonga, alikuwa amewaambia watu kwamba huyu ana utu.